Kumkumbuka daktari mwenye mambo mengi: yaliyotupata katika chumba cha nyuma, Isamilo

Mjomba wangu alikuwa daktari hapa Mwanza kwa zaidi ya miaka arobaini, na alipofariki dunia ukoo ulinikabidhi kazi mbili: kuandika wasifu wa kusomwa siku ya maziko, na baadaye kumsaidia binamu yangu, aliyeteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, kuorodhesha vitu vilivyokuwamo katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Isamilo. Kazi ya kwanza ilikwisha usiku mmoja. Ya pili ilianza wakati wa masika na ilipofika Krismasi ilikuwa bado haijakwisha, na katikati yake zilipita fedha, maneno makali kati ya ndugu, na siku kadhaa ambazo nilitamani chumba kile kifungwe tu kama kilivyo. Naandika kwa ajili ya yule ambaye ana mzee wa namna hii katika ukoo, mwenye kazi moja inayojulikana na watu wote na shughuli nyingine kumi ambazo kila moja inajulikana na watu wake.

Daktari, kama tulivyomwita hata sisi ndugu zake, alifika Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilikuwa bado mpya juu ya kilima chake. Mji wenyewe ulikuwa mdogo. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wasiofika 40,000, ilhali kwa sensa ya 2022 wilaya za Nyamagana na Ilemela pekee zina watu zaidi ya milioni moja. Katika mji wa aina ile daktari alisalimiwa njia nzima kuanzia Isamilo hadi sokoni, na nadhani alianza kutafuta shughuli za pembeni ili awe na mahali ambapo hakuna mtu atakayemweleza habari za tumbo. Alipiga picha. Alitengeneza redio na saa. Alifuga nyuki upande wa Kisesa, alicheza bao, alikusanya stempu, aliandika habari za ndege na za mijusi wa kwenye mawe, na alihifadhi samaki ndani ya chupa. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa mahali fulani, na mara nyingi hata mke wake hakujua ni wapi.

Wasifu niliouandika ulifuata desturi: kuzaliwa, shule, chuo, kazi, ndoa, watoto, kuugua, kufariki. Hakuna neno la uongo ndani yake. Hata hivyo uliposomwa niliwaona watu waliokuwa wamesimama nyuma, chini ya mwembe, wakitazamana. Sikuwafahamu. Jioni, kwenye matanga, walianza kujitambulisha mmoja mmoja kwa waliokuwa karibu nao: fundi saa wa Makoroboi, mvuvi mzee wa Igombe, mtu aliyekuwa na studio ya picha zamani, wazee wawili wa bao kutoka Mabatini, na mama mmoja wa Kisesa ambaye ndiye aliyekuwa akitunza mizinga. Kila mmoja alikuwa na marehemu wake. Fundi saa hakuwahi kujua kwamba Daktari anafuga nyuki. Mama wa nyuki alidhani kwamba kamera ni kitu cha kazini.

Hapo ndipo penye ushauri wangu wa kwanza, na ni mwepisi kuliko yote. Katika misiba yetu huwa kuna daftari la rambirambi, na mtu aliyeketi mezani huandika jina na kiasi. Mwambieni mtu huyo aongeze safu mbili: namba ya simu, na mahali alipofahamiana na marehemu. Sisi hatukuwa na safu hizo. Ilipofika wakati wa kuwatafuta wale watu wa chini ya mwembe tuliwasaka kwa kuulizana na kwa bodaboda, na mmoja wao, yule wa studio, tulimpata akiwa tayari amelazwa na hawezi kusema vizuri.

Vitu vyenye uhai havisubiri vikao vya ukoo. Wakati sisi tukijadili nani ashike funguo, mizinga miwili ya Kisesa ilikuwa imeingiliwa na siafu. Mama yule alipiga simu ya Daktari, ambayo ilikuwa imezimwa na kuwekwa kabatini pamoja na miwani yake. Simu ya marehemu ibaki na chaji, na akabidhiwe mtu mmoja mwenye adabu ya kuipokea, walau kwa miezi ya mwanzo.

Chumba chenyewe tulikifungua baada ya arobaini, mbele ya mjane wake, tunayemwita Mama Daktari, na wazee wawili wa ukoo. Kilikuwa na meza ya fundi, rafu hadi darini na kasha moja la chuma. Kilichotuchekesha, tukiwa bado na machozi, ni maandishi. Alikuwa amebandika vikaratasi juu ya vitu vyake vyote, naye aliandika maelekezo yake kama cheti cha dawa. Juu ya saa ya ukutani: «1 × 1, jioni», yaani itiwe ufunguo mara moja kwa siku. Kwenye mafuta ya cherehani aliyotumia kulainishia vyombo: «tone 1, si zaidi». Kwenye redio kubwa ya mbao: «Isiwashwe kabla ya chakula», na hadi leo hatujui kama hilo lilikuwa la kiufundi au lilikuwa la mke wake.

Binamu yangu alipiga picha kila rafu kwa simu kabla ya kitu chochote kuondolewa mahali pake, na ninamshukuru kwa hilo, kwa sababu mpangilio ulikuwa na maana ambayo hatukuijua. Maganda ya viberiti yaliyopangwa kushoto kwenda kulia yalifuata ufuo wa ziwa, kutoka Kayenze hadi Nyegezi. Mtu akiyachanganya ndani ya mfuko, kinachobaki ni takataka.

Sasa niseme jambo zito. Ndani ya maganda yale mlikuwa na makombe ya konokono, yamefungwa kwa pamba. Kwenye rafu ya juu kulikuwa na chupa za samaki wadogo ndani ya maji ya rangi ya chai, na ndani ya bahasha kulikuwa na magamba ya mijusi. Mwanamke mmoja wa upande wa baba, aliyekuja kusaidia usafi, alitazama ndani, akarudi nyuma, akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa anaelewa kwa nini chumba kilikuwa kikifungwa. Hakusema zaidi. Katika kanda yetu, ambako wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, neno la aina hiyo si la kupuuzwa, hasa pale ambapo anayebaki ndani ya nyumba ni mjane mwenye umri mkubwa. Hadi Jumamosi iliyofuata jirani wawili walikwisha kuuliza.

Wazee wa ukoo walitaka chupa zimwagwe usiku. Mama Daktari alikataa, akasema kitu kikitupwa usiku ndipo kinapokuwa uchawi. Badala yake tuliita watu mchana: balozi wa nyumba kumi, katekista, majirani wale wale waliouliza, na pamoja nao yule mvuvi wa Igombe. Mvuvi ndiye aliyezungumza. Alichukua chupa moja, akaisogeza kwenye mwanga, akamwonyesha kila mtu samaki mwenye madoa ya manjano karibu na mkia, akasema: «Huyu ni furu. Mimi ndiye niliyemletea Daktari. Tulikuwa tukimvua hapa hapa Ghuba ya Mwanza kabla ya sangara kutawala, na wajukuu zangu hawajawahi kumwona.»

Wasomaji vijana huenda hawaijui habari hiyo. Sangara waliingizwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika Ghuba ya Mwanza waliongezeka kwa kasi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na furu, ambao ziwani walikuwa na aina mamia, walipungua ghafla kiasi kwamba aina nyingi hazikuonekana tena. Sangara pekee si sababu yote. Maji nayo yalichafuka, na mwani ukaongezeka. Ila chupa iliyoandikwa mahali na mwaka kabla ya kipindi hicho ina thamani zaidi kwa mtafiti wa samaki kuliko kamera ya Daktari. Zile zilizokuwa na tarehe tulizipeleka kwa watafiti wa Nyegezi. Zisizo na tarehe walizipokea pia ili kuziharibu kwa njia salama, kwani ndani mlikuwa na fomalini. Ukikuta chupa za namna hiyo usizifungue ndani ya nyumba, wala usimwage maji yake kwenye sinki au shimoni. Mvuke wake huchoma macho na koo, na ni sumu.

Konokono nao walipata msemaji wao, nesi mstaafu aliyefanya kazi na Daktari zahanati. Wengi wetu tunaoishi kando ya ziwa tunajua kichocho, lakini si wote wanaojua kwamba vimelea vyake hukua ndani ya konokono wa maji baridi kabla ya kutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini kuoga au kufua. Daktari alikusanya makombe kutoka kila ufuo ambako wagonjwa wake walitoka, ili mama akimleta mtoto kutoka Kayenze amwonyeshe konokono wa Kayenze, si picha ya kitabuni. Nesi alisema kombe kavu halina madhara tena. Majirani waliyashika, wakayarudisha ndani ya pamba, na mnong'ono ukafa. Gharama ya siku hiyo ilikuwa wali, soda na nauli ya mvuvi. Sijui ingekuwa kiasi gani kama tungewasikiliza wazee.

Daftari ndizo zilizotutesa kuliko chupa. Daktari aliandika kila siku, kwa mkono ule ule wa madaktari, na hakutenganisha mambo. Ukurasa mmoja unaanza na furukombe wawili juu ya Capri Point alfajiri, unapita kwa mgonjwa aliyetajwa kwa jina na ugonjwa ambao familia yake haikuwahi kuujua, kisha unarudi kwa mjusi wa mawe, yule dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu ambaye wanasayansi walimpa jina la Kilatini linalobeba jina la Mwanza. Binamu zangu walikwisha kupiga picha kurasa kadhaa na kuzituma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kwa sababu ya uzuri wa michoro ya ndege. Katika mojawapo, chini kabisa, palikuwa na habari ya mtu ambaye bado yu hai na anaishi mtaa wa pili.

Siri ya mgonjwa haizikwi pamoja na daktari. Tulifuta picha zile na kumwomba kila mmoja afute kwake, jambo ambalo huwezi kulithibitisha. Kisha daktari mstaafu, rafiki yake wa zamani, alikubali kuzipitia daftari zote peke yake. Kurasa za ndege na mijusi zilinakiliwa. Zenye wagonjwa zilibaki kwake hadi alipozikabidhi panapostahili pamoja na kadi za zahanati. Kazi hiyo haikuwa ya ndugu, hata ndugu msomi. Vivyo hivyo dawa zilizobaki kabatini: shangazi mmoja alianza kuzigawa, akisema ni haramu kutupa dawa nzuri, na ilibidi mwanae amnyang'anye kwa upole. Zilirudishwa kituo cha afya kwa ajili ya kuteketezwa, nyingi zikiwa zimepita muda wake.

Rafiki huyo ndiye aliyetuonyesha kitu kimoja ambacho sikukitegemea. Katika miaka yote ya daftari zile, siku iliyokosa ndege ni ya nadra. Hata siku ya harusi ya binti yake kuna kwarara. Lakini kuanzia tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza na kuua watu zaidi ya 800, kurasa ni tupu hadi ndani ya mwezi Juni. Hakuna picha pia, ingawa alikuwa na kamera na alikuwa kazini. Mmoja wa ndugu alitaka niandike kwenye wasifu mpya jinsi mjomba alivyohudumia maiti na manusura. Nilikataa. Yeye mwenyewe hakuandika, hakutuhadithia, na mimi sikuwapo.

Kuhusu picha nitaeleza kidogo zaidi, kwa kuwa nyumba nyingi zina picha hata kama hazina samaki. Daktari aliacha masanduku ya negativi na picha za karatasi: ngoma za Bulabo, sikukuu ya Wasukuma, kule Bujora mwezi Juni, Bagika na Bagalu, yaani vyama viwili vya ngoma, wakishindana, Bayeye, wachezaji wa nyoka, na nyoka wao, mwalo wa Kirumba kabla ya kujengwa, harusi za watu. Masanduku mawili yalikuwa yakitoa harufu kali ya siki. Harufu hiyo maana yake ni kwamba filamu imeanza kuoza, na uozo huo huongeza kasi ya kuoza kwa zilizo karibu nayo, kwa hiyo zitengwe mara moja na ziwe za kwanza kunakiliwa. Zilizogandana zisivutwe. Zisilowekwe, na zisifunikwe kwa plastiki ya moto kama vyeti vya shule. Andika nyuma kwa penseli, kwa mkono mwepisi, kamwe si kwa kalamu ya wino. Zikae mahali pakavu, mbali na sakafu na mbali na bati, na hapa kwetu, penye joto na unyevu wa ziwa, usidanganyike kwamba sanduku la bati juu ya dari ni hifadhi.

Studio moja ilitutoza shilingi 2,000 kwa kila negativi, na tulipopiga hesabu ya masanduku yote tukaona gari dogo lililotumika. Hatukuwa na fedha hizo. Tulichagua kwa kuwaita wazee kwanza: picha ambayo mtu aliweza kutaja angalau jina moja au mahali ndiyo iliyonakiliwa. Huenda tumeacha nzuri zaidi. Lakini picha isiyo na jina ingeweza kusubiri, ilhali mzee anayejua majina hawezi. Tuliwarekodi kwa simu wakitazama picha, na nikajifunza kunyamaza, ukiuliza «huyu ni nani?» unapata jina, ukinyamaza unapata ugomvi wa shamba la 1974, na ugomvi huo ndio unaomtaja kila aliyesimama pichani.

Upande wa sheria sitakaa sana. Cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na muhtasari wa kikao cha ukoo vilipatikana bila shida, na msimamizi alithibitishwa na Mahakama ya Mwanzo. Wengi hawajui kwamba msimamizi akishateuliwa na mahakama hiyo hupewa miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni, isipokuwa mahakama ikimwongezea muda. Nyumba na shamba huandikika kwa dakika tano. Stempu je? Daktari alikuwa na albamu za zile zilizotolewa kwa pamoja zikiwa na majina ya Kenya, Uganda na Tanzania, kabla ya Jumuiya ya zamani kuvunjika mwaka 1977. Kuna ndugu aliyeamini zingetujengea ghorofa. Kuna aliyetaka ziende kwa watoto wazichezee. Kabla hata msimamizi hajateuliwa, mtu mmoja alifika na fedha mkononi akitaka kamera na redio kwa bei ya kutupa, na mmoja wetu alikuwa ameshapokea kishika uchumba. Fedha ilirudishwa kwa aibu. Katika orodha tuliandika vitu vyote kwa maelezo yake, tukaeleza hali yake, tukamwomba fundi saa na wajuzi wengine watoe makadirio kwa maandishi, nasi tukaomba muda zaidi.

Misa ya kumbukumbu ya mwaka ilipokaribia nilipewa tena kazi ya kuandika wasifu. Safari hii niliupeleka kwa watu wa chini ya mwembe kabla ya kuusoma, kisha kwa Mama Daktari. Aliusoma wote, akasema ni mzuri, kisha akauliza kwa nini yeye hayumo. Alikuwamo, kwenye mstari wa ndoa. Alichokuwa akikiuliza ni Jumapili zake. Ni yeye aliyepokea wagonjwa waliobisha hodi wakati mume yuko majabalini anahesabu mijusi, yeye aliyelipa ada ya muhula mmoja kwa kuuza vitenge kwa sababu mshahara ulikwenda kwenye lenzi, na ni yeye aliyevumilia chupa za samaki juu ya friji hadi alipotishia kuondoka, ndipo chumba cha nyuma kikajengwa. Aliyasema hayo bila hasira, kisha akataka yaandikwe.

Baadhi ya ndugu waliona ni kumvunjia marehemu heshima. Tulijadiliana hadi usiku, na hatimaye mzee wa bao, ambaye hata si wa ukoo, akasema kwamba Daktari alikuwa akila kete za watu kwa haraka na kuwaachia wengine kuhesabu, na kila aliyecheza naye anajua. Yakasomwa. Kanisani walicheka kwenye chupa za samaki, na Mama Daktari naye akacheka.

Mizinga sasa ni ya mama wa Kisesa, kwa maandishi na kwa saini ya msimamizi. Saa zipo Makoroboi, isipokuwa ile ya ukutani, inayotiwa ufunguo jioni na mjukuu. Nakala za picha za ngoma tumewapelekea watu wa Bujora. Stempu hazijagawanywa, kwa sababu ndugu wawili bado hawajakubaliana, na redio imebaki kwa Mama Daktari, ambaye huiwasha wakati wowote anaotaka, kabla ya chakula na baada yake.